Mizani ya Uzi

Chukua kitana cha plastiki, kisugue kwenye nywele kavu mara kumi hivi, kisha kisogeze juu ya vipande vidogo vya karatasi vilivyolala mezani. Vitaruka na kukinatia. Kila aliyesoma sayansi amelifanya hilo darasani, akacheka, akatoka mapumziko. Mimi nimelifanya mbele ya wanafunzi kwa miaka mingi, na mpaka leo hunyamaza kidogo kipande cha kwanza kinaponyanyuka. Chini ya karatasi ile kuna dunia nzima: milima, bahari, miamba, chuma kilichoyeyuka maelfu ya kilometa kwenda chini, vyote vikiivuta ibaki mezani. Juu yake kuna kitana cha shilingi 500. Na kitana kinashinda.

Uvutano na umeme wamefanana sura kama watoto wa tumbo moja, ila vimo vyao havikaribiani. Kati ya protoni mbili, nguvu ya umeme inayozitenga huizidi ile ya uvutano inayozikaribisha kwa mara nyingi kiasi kwamba ukitaka kuiandika namba hiyo, utaweka moja na kuifuatishia sufuri 36. Hata hivyo, kanuni inayoeleza jinsi zinavyopungua kwa umbali ni ileile. Umbali ukiwa mara mbili, nguvu inabaki robo. Ukiwa mara tatu, inabaki moja ya tisa.

Kusema kwamba hii ni kama ile ni rahisi, na vijiweni husemwa kila siku. Ninachokistahi ni kazi ya waliouchukua mfanano huo wakaubebesha mzigo, kidogo kidogo, mpaka wakajua unahimili wapi na unakatikia wapi. Hiyo ni kazi ya mikono. Mwanzo wake ni uzi, na nitaieleza taratibu kwa sababu yenyewe ilifanywa taratibu.

Isaac Newton alichapisha kitabu chake kikubwa, Principia, mwaka 1687. Ndani yake mna hesabu moja ambayo wengi huipita wakikimbilia sayari. Fikiria mpira mkubwa wenye ganda tu, ndani mtupu, nawe umo ndani yake, umesimama karibu na ukuta wa upande mmoja. Ukuta huo unakuvuta kwa nguvu maana u karibu, lakini sehemu ya ganda iliyo upande huo ni ndogo. Upande wa pili ganda liko mbali, linavuta kwa unyonge, ila lipo jingi. Newton alipiga hesabu akakuta kwamba mivuto hiyo hukatana yote, isibaki hata chembe, popote utakaposimama ndani ya mpira ule. Hilo linatimia kwa sharti kwamba nguvu ipungue kwa mraba wa umbali barabara. Kanuni ikipinda hata kidogo, mivuto haikatani, na aliye ndani atasukumwa upande.

Miaka 80 ikapita. Benjamin Franklin alikuwa ameona jambo asilolielewa: kijipira cha kizibo kikining'inizwa kwa uzi wa hariri ndani ya kopo la fedha lenye chaji ya umeme, hakivutwi na kuta za ndani, ingawa nje ya kopo hilohilo huvutwa vizuri. Alimwomba rafiki yake Joseph Priestley arudie jaribio. Priestley akarudia, akaona vilevile, na mwaka 1767 akaandika katika kitabu chake cha historia ya umeme kwamba basi huenda umeme nao unafuata kanuni ya uvutano, kwa kuwa ndani ya ganda nguvu imetoweka kama hesabu ya Newton inavyotaka.

Nimemsomea mwanafunzi hoja hiyo, akaniuliza, "Mwalimu, mbona hakupima kitu?" Kweli, hakupima umbali wala nguvu. Alichokuwa nacho ni kopo lisilofanya lolote na hesabu ya mtu mwingine iliyohusu sayari. Aliviweka pamoja, akapata kanuni. Kwangu mimi, huo ndio mfanano ulioanza kufanya kazi.

Henry Cavendish ndiye aliyeuchukua kwa uzito. Alikuwa tajiri wa London, mwenye haya nyingi, aliyewakwepa watu na kupenda vyombo vyake. Mwanzoni mwa miaka ya 1770 alitengeneza tufe la upana wa futi moja hivi, akaliweka ndani ya nusu mbili za tufe kubwa kidogo zilizofungika na kufunguka kama mlango wa mbao. Waya uliunganisha tufe la ndani na ganda la nje. Alilitia ganda umeme, akaukata muungano kwa kuvuta uzi, akafungua nusu zile mbili, kisha akalijaribu tufe la ndani kwa vijipira vyepesi vya kiini cha shina la mmea, ambavyo hutengana vikipata hata chaji ndogo. Havikutengana. Ndani hamkuwa na kitu.

Mwingine angeishia hapo akaenda kutangaza. Cavendish alijiuliza swali la fundi: vijipira vyangu vina macho kiasi gani? Kama ndani kungekuwa na chaji ndogo mno, ningeiona? Akapima uchache wa chaji ambao vijipira vingeweza kuuonyesha, akarudi kwenye hesabu, akapata jibu lenye mipaka yake: kipeo cha kanuni ni 2, na kama kinakosea, hakikosei zaidi ya sehemu moja ya 50. Kisha akayaweka makaratasi yake kabatini. Yalikaa humo karibu miaka 100, mpaka James Clerk Maxwell alipoyachapisha mwaka 1879. Jaribio hilo likarudiwa chini ya usimamizi wake kwenye maabara ya Cambridge yenye jina la Cavendish, na mpaka wa kosa ukashuka hadi sehemu moja ya 21,600.

Kwa kuwa Cavendish alinyamaza, sifa ilimwendea Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa, naye aliistahili. Kabla ya kugusa umeme, Coulomb alishughulikia sindano za dira, namna ya kuzining'iniza kwa uzi ili zielekee kaskazini bila kukwamishwa na msuguano. Humo alijifunza tabia ya uzi na waya vinaposokotwa. Mwaka 1784 alieleza kwamba waya uliosokotwa hurudisha kwa nguvu inayolingana na pembe ya msokoto: sokota mara mbili, utarudishwa mara mbili. Unene nao una neno kubwa hapo. Ukiupunguza waya unene kwa nusu, ukinzani wake hushuka mara 16. Maana yake, ukitaka kupima nguvu ndogo kuliko pumzi ya mtoto, huhitaji chombo kikubwa. Unahitaji waya mwembamba na subira.

Kiswahili kimeliona jambo hili kabla sijalieleza, kwani pembe tunazipima kwa nyuzi. Coulomb alipima nguvu ya umeme kwa nyuzi, na kwa uzi.

Mizani yake ya mwaka 1785 ilikuwa silinda ya kioo yenye mnara mwembamba juu. Kutoka kileleni mwa mnara ulishuka waya wa fedha mwembamba kama unywele, na mwisho wake ukabeba ufito mwepesi uliolala, uliotengenezwa kwa hariri iliyopakwa lakiri. Ncha moja ya ufito ilikuwa na kijipira cha kiini cha mmea. Kijipira cha pili kilishikiliwa mahali pamoja, kikigusana na cha kwanza. Aliviwekea umeme kwa kuvigusa na kichwa cha pini chenye chaji, na kwa kuwa vyote viwili vilipata chaji ya aina moja, vikasukumana. Ufito ukazunguka, ukatulia kwenye nyuzi 36.

Kisha alikizungusha kichwa cha mnara upande wa pili, nyuzi 126, ili waya ukirudishe kijipira karibu na mwenzake. Kikatulia kwenye nyuzi 18. Msokoto wote wa waya sasa ni 126 na 18, yaani 144. Umbali umekuwa nusu, na 144 ni mara nne ya 36. Akaendelea kuzungusha mpaka nyuzi 567. Kijipira kikatulia kwenye nyuzi 8 na nusu. Jumla ni 575 na nusu, na mara nne ya 144 ni 576.

Majaribio matatu tu. Tena alilazimika kuyafanya haraka, kwa sababu hewa yenye unyevu huiba chaji wakati mtu anasoma vipimo. Napenda kwamba aliandika 8 na nusu, hakuikoboa iwe 9 ili nusu ya 18 itimie. Anayejua ufundi hujua kwamba namba iliyokaa vizuri kupita kiasi haiaminiki.

Sasa twende upande wa pili wa mfanano. John Michell alikuwa mchungaji wa kanisa la Thornhill, Yorkshire, na tayari mwaka 1750 alikuwa amechapisha kitabu kuhusu kutengeneza sumaku, akaonyesha kwamba sumaku nazo zinafuata mraba wa umbali. Yeye naye, kwa akili yake na mbali na Coulomb, alibuni mizani ya uzi. Lakini alitaka kuipimia kitu kidogo zaidi: mvuto kati ya tufe moja la risasi na jingine. Alikitengeneza chombo, akafa mwaka 1793 kabla ya kukitumia. Kikapitia mikono ya mtu mwingine, kikafika kwa Cavendish, ambaye wakati huo alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 60.

Mtu yuleyule aliyefungua tufe akakuta ndani hamna umeme ndiye aliyekaa, robo karne baadaye, kupima uvutano kwa mkono wake. Sijui mtu mwingine aliyezishika nguvu hizi mbili kwa namna hiyo, moja baada ya nyingine, kwa tabia ileile ya kujitilia shaka.

Ufito wake ulikuwa wa mbao, urefu karibu mita 1.8, umening'inizwa kwa waya. Kila ncha ilibeba tufe dogo la risasi lenye gramu 730. Karibu na madogo hayo yalisogezwa mawili makubwa, kila moja kilo 158. Nguvu iliyotafutwa haikuzidi sehemu moja ya 50,000,000 ya uzito wa tufe dogo. Kwa nguvu ndogo hivyo, hewa ndiyo adui. Ubavu mmoja wa sanduku ukipata joto kidogo kuliko mwingine, hewa huanza kupanda na kushuka, na ufito huifuata. Basi Cavendish alikifunga chombo ndani ya sanduku la mahogani, sanduku akaliweka ndani ya chumba, chumba akakifunga, na yeye akabaki nje. Matufe makubwa aliyasogeza kwa kamba na kapi. Ncha za ufito alizisoma kwa darubini zilizopenya ukutani, taa ikimulika kutoka nje. Ufito ulisogea milimita 4 hivi, na kila mbembeo wake mmoja ulichukua dakika kadhaa. Alikaa, akahesabu, akasubiri, akahesabu tena.

Ripoti yake ya mwaka 1798 ina karibu kurasa 60, na sehemu kubwa inahusu kitu kimoja: je, huu ninaouona ni uvutano kweli? Vyuma vilivyoshikilia matufe makubwa vilikuwa na asili ya sumaku, basi akavibadilisha akaweka vya shaba. Akashuku risasi yenyewe, akaweka sumaku mahali pa matufe aone zingefanya nini. Akaweka taa chini ya matufe ayape joto, aone hewa ingemdanganya kiasi gani. Hapo mfanano ulikuwa umegeuka hatari, maana ndugu mkubwa akiingia chumbani kwa kificho hata kidogo, sauti ya mdogo haisikiki tena. Jibu la mwisho lilikuwa kwamba dunia ina uzito mara 5.48 ya maji ya ujazo uleule. Leo tunasema 5.51.

Niliwahi kujaribu. Kwenye stoo ya nyuma ya nyumba, Tanga, nilifunga ufito wa mwanzi kwa mshipi wa kuvulia samaki, nikaupa chupa mbili ndogo zilizojaa risasi za nyavu, na ndoo mbili za mchanga pembeni. Nilikaa nao usiku tatu. Usiku wa kwanza haukutulia kabisa, maana mshipi wa nailoni huendelea kulegea wenyewe bila kuguswa. Usiku wa pili niliziba nyufa za mlango kwa magunia. Ukatulia, lakini kila nilipoingia na tochi kuutazama ulianza kugeuka kunielekea, polepole, kama mtu aliyeitwa jina. Nilifurahi kwa dakika chache, mpaka nilipofahamu kwamba ni joto la mwili wangu lililokuwa likiisogeza hewa. Usiku wa tatu nilikaa nje, nikachungulia kupitia tundu la kitasa, nikaelewa kwa mgongo na magoti yangu kwa nini mzee yule alitoboa ukuta.

Kazi hiyo haijaisha. Mwaka 2018 wanafizikia wa Wuhan, China, waliofanya kazi ndani ya pango ili kukwepa mitetemo na joto, walitumia njia mbili tofauti kupima namba ya ukubwa wa nguvu ya uvutano, ambayo nayo hutokana na mizani ya Cavendish. Njia moja ilitoa 6.674184, ya pili 6.674484, na tofauti hiyo inazidi makosa waliyoyakadiria. Umeme tunaujua kwa tarakimu nyingi kuliko hizo. Uvutano hauzibiki kwa ukuta wala ganda lolote, hivyo kila kilicho jirani, hata kilima, kinaingia kwenye kipimo.

Mpaka wakati wa Cavendish, mfanano ulihusu vitu vilivyotulia. Mwaka 1820 André-Marie Ampère alionyesha kwamba nyaya mbili zenye mikondo inayokwenda upande mmoja huvutana. Chaji ikitembea, inazaa sumaku. Je, tungamo likitembea, nalo linazaa kitu?

Michael Faraday alitafuta uhusiano wa uvutano na umeme kwa mikono, akidondosha vitu ndani ya koili za waya kwenye Taasisi ya Kifalme, London, aone kama mkondo utazuka. Haukuzuka, naye akachapisha kwamba haukuzuka. Maxwell alijaribu kwa kalamu. Katika andiko lake la mwaka 1865 kuhusu uga wa sumakuumeme aliweka aya chache juu ya uvutano, akakutana na ishara iliyogeuka: chaji za aina moja husukumana, tungamo na tungamo huvutana. Ukiigeuza ishara hiyo, nishati iliyomo angani inatoka hasi, na ili mambo yakae sawa inabidi anga tupu iwe na akiba kubwa ajabu ya nishati. Maxwell alisema hawezi kuelewa kitu cha namna hiyo kitakuwaje, akaliacha suala hapo. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi kwa heshima. Alikuwa ametoka kuonyesha kwamba mwanga ni wimbi la sumakuumeme, na angeweza kulazimisha.

Aliyeendelea ni Oliver Heaviside, aliyeacha shule akiwa na miaka 16, akafanya kazi ya simu ya maandishi, masikio yakamlegea, akajifungia na hesabu. Ndiye aliyezikunja hesabu za Maxwell, zilizokuwa nyingi na zenye kutatanisha, zikawa nne hizi tunazofundisha. Mwaka 1893, kwenye jarida la The Electrician, alifanya kwa uvutano kile ambacho mshonaji hufanya kwa kielelezo cha kanzu: palipo na chaji akaweka tungamo, palipo na mkondo akaweka mwendo wa tungamo, ishara akaigeuza, kisha akauliza vazi hili likishonwa linakaaje. Likatoka na mkono ambao hakuna aliyewahi kuuona: uvutano wenye upande wa pili, unaofanana na sumaku, unaozaliwa na tungamo linalotembea. Na ishara zimegeuka kote. Nyaya za Ampère zikivutana, mikondo miwili ya tungamo inayokwenda pamoja inapata msukumo mdogo wa kutengana. Aliona pia kwamba uvutano lazima usafiri kwa kasi yenye kikomo, akapendekeza kwamba huenda ni ya mwanga.

Tarehe 17 Agosti 2017, wimbi la uvutano kutoka kwa nyota mbili zilizogongana lilifika duniani, na sekunde 1.7 baadaye mwanga mkali wa gama ukafuata. Vyote vilikuwa vimesafiri miaka 130,000,000.

Mfanano huu unakatikia wapi? Tungamo hasi halipo, kwa hiyo huwezi kutengeneza antena ya uvutano yenye ncha chanya na ncha hasi. Tena uvutano wenyewe una nishati, na nishati nayo inavuta, kwa hiyo unajizalisha kwa namna ambayo umeme haufanyi. Nadharia ya Albert Einstein ya mwaka 1915 ndiyo inayoshika hayo yote. Lakini mwaka 1918 Hans Thirring, huko Vienna, alionyesha kwamba pale uvutano ulipo dhaifu na vitu vinakwenda polepole, hesabu za Einstein zinalegea na kuchukua umbo la zile za umeme, ila nguvu ya upande wa sumaku inatoka mara nne ya ile ambayo mfanano mtupu ungeitarajia. Yeye na Josef Lense wakapiga hesabu ya matokeo: dunia inayozunguka inaiburuta nafasi iliyo jirani, kama mwiko unavyouburuta uji mzito ulio karibu nao.

Kuliona hilo kulihitaji pia. Nasema pia ile ya watoto, inayozungushwa kwa kamba ikasimama kwa ncha. Pia inayozunguka bila kusumbuliwa huelekeza mhimili wake mahali pamoja daima. Ukiiweka kwenye mzingo wa dunia, na dunia ikawa inaburuta nafasi, mhimili utageuka. Leonard Schiff wa Stanford alipiga hesabu hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950. Chombo kiliruka tarehe 20 Aprili 2004, kikiitwa Gravity Probe B. Katikati ilipita zaidi ya miaka 40, na Francis Everitt aliitumikia kazi hiyo moja kwa miongo mingi ya maisha yake.

Pia zilikuwa nne, matufe ya kwatzi yenye upana wa milimita 38, ukubwa wa mpira wa ping-pong. Tufe likiwa na upande mzito au kibonde, lingeyumba lenyewe, na kuyumba huko kungemeza kinachotafutwa. Basi yaling'arishwa kwa mashine yenye vikombe vinne vilivyolizunguka tufe kutoka pande nne, vikibadilisha mwelekeo kila mara ili kusiwe na upande unaosuguliwa zaidi. Mashine hiyo ilitokana na kazi ya Wilhelm Angele kule Huntsville, Marekani. Fundi alisugua, akapima, akasugua, akapima. Mwishoni, kama tufe lingekuzwa liwe na ukubwa wa dunia, mlima wake mrefu kuliko yote usingefika mita 3.

Utasomaje mhimili wa tufe lisilo na alama yoyote? Alama ni upande mzito, na upande mzito umekatazwa. Hapa ndipo ndugu mkubwa alipoitwa kusaidia. Matufe yalipakwa utando mwembamba wa niobiamu na kupoozwa kwa heli mpaka nyuzi 1.8 juu ya sufuri kamili ya joto. Katika baridi hiyo niobiamu hupitisha umeme bila ukinzani wowote, na tufe la namna hiyo likizunguka huzaa uga wa sumaku uliolala sawasawa na mhimili wake. Soma sumaku, umeusoma mhimili, bila kugusa. Upande wa sumaku wa uvutano ulikuwa ukitafutwa kwa sumaku.

Kiasi kilichotazamiwa kilikuwa hiki: gawa uzi mmoja wa pembe kwa 3,600 upate sekunde moja ya pembe, gawa sekunde hiyo kwa 1,000, chukua sehemu 39. Ndio mgeuko wa mwaka mzima, sawa na upana wa unywele unaoutazama kutoka mita 400.

Heli ilikwisha mwaka 2005, na majibu ya mwisho hayakutoka mpaka 2011. Miaka hiyo yote watafiti walikuwa wakipambana na vibaka. Juu ya utando wa niobiamu, na kwenye kuta za vikasha vilivyoyazunguka matufe kwa nafasi ya mikroni 32 tu, kulikuwa na madoa madogo yasiyoonekana yenye volti zilizotofautiana kidogo na za jirani. Madoa hayo yalishikana mikono, tufe na ukuta, yakaligeuza tufe kwa kiasi kilichozidi uvutano uliotafutwa. Ni kile kitana tena, kimeingia ndani ya chombo safi mno. Hawakuweza kukitoa, chombo kiko angani. Iliwabidi wajifunze tabia ya kila tufe, ramani ya sumaku iliyonaswa kwenye ngozi yake, namna mhimili wake ulivyotangatanga, kisha watoe umeme kutoka kwenye hesabu, doa baada ya doa, mpaka kibaki kisicho umeme.

Walikusudia kosa la asilimia 1 na wakaishia na 19, na wako walioiita kazi hiyo hasara. Mimi naifungua ripoti kwenye jedwali lake dogo, ambamo kila pia imepewa mstari wake. Ya kwanza ilitoa 41.3, na kosa la 24.6. Ya pili 16.1, kosa 29.7. Ya tatu 25.0, kosa 12.1. Ya nne 49.3, kosa 11.4. Zikiunganishwa ni 37.2, kosa 7.2, na hesabu ya Einstein inasema 39.2. Hakuna aliyeikoboa ile 16.1. Na zote nne, kila moja ikiwa imetolewa umeme wake peke yake, zimegeukia upande uleule ambao dunia inazungukia.